Umri wa Elikem

Accra

Dada yangu Dzifa,

Salamu zikufikie hapo Ho, wewe na shemeji, na baba na magoti yake. Unakula hata kidogo? Maziwa yamekauka? Mimi mwili ni mzima; moyo ndio hauna afya.

Nasikia bado unawaambia watu kwamba ulikosea kujaza fomu. Ndiyo maana naandika.

Unaijua kazi yangu, ile niliyojisomesha kwa kukaanga ndizi sokoni. Programu ya kuita gari la wagonjwa haitoki kabla sijaijaribu. Niliandika orodha ya umri: 0, 1, 5, 17, 60, 101. Kompyuta huchukua namba moja baada ya nyingine, ikaijaza kwenye fomu kana kwamba ni mgonjwa, hadi orodha iishe. Zote zikipokelewa, taa ya kijani. Ikikataliwa hata moja, nyekundu, na hatutoi kitu.

Sifuri ilikataliwa. Programu iliiona kama nafasi tupu. Nikamwambia Selorm, ambaye kazini ni mkubwa wangu na nyumbani ni mchumba, kwamba watoto wasiotimiza mwaka hawataitiwa gari. Akacheka, eti nina ubishi wa mbuzi, tano kati ya sita shuleni ningepewa zawadi. Lakini akaahidi kurekebisha. Kesho yake taa ikawa kijani, nami kwa furaha nikampikia akple.

Kule matangani uliponisimulia homa ilivyompanda Elikem, na simu ikakurudishia maneno yaleyale, "jaza umri", "jaza umri", na gari lisije, nikaikumbuka ile sifuri. Niliporudi kazini nikafungua orodha. Ilianzia moja. Nikairudisha sifuri: nyekundu. Kwetu kila badiliko hubaki na jina la aliyelifanya. Jina lilikuwa la Selorm.

Nilipomuuliza, alisema wakubwa walitaka kijani kufikia Ijumaa, angeirudisha baadaye. Kisha akanishika mkono, akasema ni namba moja tu, Esi.

Dada, hukukosea. Mtoto wa wiki tano umri wake ni sifuri, na sifuri ndiyo uliyoandika. Usijilaumu tena.

Sifuri nimeiacha mwanzo wa orodha. Taa ni nyekundu hadi leo, na kila anayeniambia niizime namwambia aizime yeye.

Bado nampenda, na hilo ndilo linaloniua. Lakini mwambie baba zile chupa mbili za kubishia hodi, walizoleta kina Selorm kuniposa, azirudishe kwao kabla hazijafunguliwa. Wakiuliza kosa ni nini, awatajie jina tu: Elikem.

Mkumbatie shemeji kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Esinam