Radhi ya Maharage Yetu Wenyewe

Kirushya, Ngara
24 Februari 2025

Mwanangu Deodata,

Habari za huko Biharamulo? Sisi huku hatujambo. Mama yako Febronia alishikwa na mafua lakini tangu juzi ameanza tena kwenda shambani. Mvua inanyesha vizuri. Natumaini na wewe u mzima, ingawa simu yako haipatikani wiki nzima na roho zetu zimechoka.

Nakuandikia habari njema. Yamekwisha.

Mwalimu Gidioni, mwenye shule yenu, alinipigia simu Alhamisi. Akaniambia kwa heshima kabisa, "Mzee, binti yako amekosa kazini, njoo tuyamalize kama wazazi." Sikumwuliza mengi, mambo mazito hayazungumzwi kwenye simu. Jumamosi nikadamka, nikabeba dumu la pombe ya ndizi ya mama yako, nikapanda basi. Nilipiga goti ofisini kwake, macho chini, nikakuombea radhi. Unajua, huu ni mwaka wa ishirini na mbili nasuluhisha watu hapa kijijini, mipaka, mbuzi, mke na mume. Wote nawaambia vilevile: kwanza piga goti, maneno tutayazungumza watu wakishapoa. Mwalimu alipokea, akanywa, akacheka. Akaleta karatasi nitie sahihi kwamba tumepatana. Miwani nilikuwa nimeisahau nyumbani, nikatia hivyo hivyo.

Nilikuulizia wakasema umeondoka mjini. Basi barua hii nampa Ndassa, yule kondakta wa basi letu, akutafute. Rudi kazini, kamshukuru mwalimu. Na usirudie tena, chochote kile ulichofanya.

Baba yako,
Desderius Nduwayo


Biharamulo
28 Februari 2025

Baba, shikamoo.

Mimi ni mzima. Mama mpe pole ya mafua. Salamu zimeisha, sasa nisikilize.

Umefanya nini, baba? Nimeisoma barua yako nimesimama stendi, Ndassa akaniuliza kama nimefiwa.

Miaka mitatu napikia shule ile bila karatasi yoyote inayosema mimi ni mfanyakazi wao. Januari sisi wapishi tuliandika barua kuomba mikataba, na mimi ndiye niliyeipeleka ofisini. Tarehe 11 Februari, mchana, Gidioni akaingia chumbani kwangu pale shuleni, na mlinzi. Akakuta gunia chini ya kitanda, akalipiga teke. "Maharage ya stoo haya." Nikamwambia nimetumiwa kutoka nyumbani. Hata kulifungua hakulifungua! Kesho yake asubuhi akanisimamisha mstarini, mbele ya wanafunzi na wapishi wenzangu, akasema, "Huyu ni mwizi, kuanzia leo hana kazi hapa." Chumba kikafungwa, simu yangu na nguo zangu zimo ndani. Sijaondoka mjini. Niko kwa Francisca, msaidizi wa kisheria, yule mwenye meza karibu na soko.

Francisca anasema mtu hafukuzwi hivyo. Nilitakiwa nipewe tuhuma kwa maandishi na niitwe kujitetea, na mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba nimeiba. Nina siku thelathini za kufungua shauri kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ofisi yao iko Bukoba. Mwisho ni tarehe 14 Machi. Mambo yalikuwa safi, baba. Safi kabisa! Halafu inakuja barua yako.

Unajua ni gunia gani hilo? Ni lile la Krismasi. Maharage ya mama. Ulilifunga wewe kwa kamba ya mgomba, ukalibeba kichwani mpaka barabarani. Umepiga goti kuomba radhi kwa maharage yako mwenyewe.

Ungeniuliza tu, "Deodata, uliiba?" Francisca ni mtu baki, na aliniuliza kabla hajanipa kiti. Wewe hukuniuliza. Uliamini.

Karatasi ile uliyotia sahihi imeandikwa nini?

Mwanao,
Deodata


Kirushya
5 Machi 2025

Deodata,

Hatujambo. Leo ni Jumatano ya Majivu na nimetoka kanisani, kwa hiyo nitajizuia.

Tangu lini mtoto akamwuliza baba yake, "Umefanya nini"? Nimesafiri kutwa nzima kwa ajili yako, magoti haya mabovu nimeyaweka kwenye sakafu ya mtu mdogo kwangu kiumri, shukrani yangu ndiyo hiyo? Kama maharage yalikuwa yetu, basi mwalimu alikosea, na binadamu hukosea. Lakini ameshakunywa pombe yetu. Mtu uliyekunywa naye huwezi kumpeleka Bukoba kesho yake. Watu wa Kirushya watanionaje, mimi ninayewapatanisha? Achana na mashauri hayo. Tafuta kazi pengine.

Mama yako analia, hataki kuniambia analilia nini. Karatasi ile ni ya mapatano, basi.

Baba yako


Biharamulo
4 Aprili 2025

Baba, shikamoo.

Natumaini mama anaendelea vizuri. Mimi nimekonda.

Shauri nilifungua, tarehe 13 Machi, imebaki siku moja. Sikukuaga kwa sababu ungenikataza. Juzi tuliitwa Bukoba kwa usuluhishi. Msuluhishi ni mama mpole, alitaka kweli tupatane. Gidioni alikuja na wakili, na wakili hakusema mengi. Alifungua faili akatoa karatasi yako. Francisca amenitolea kopi, nimeiambatisha. Vaa miwani, baba. Kama hutaki, nimekunakilia hapa:

"Mimi Desderius Nduwayo, mzazi, nakiri kwamba binti yangu Deodata aliiba maharage ya shule, gunia moja, na ninaomba radhi kwa kosa hilo. Ninakubali kwamba aliacha kazi kwa hiari yake."

Kwa hiari yangu! Nilisimamishwa mstarini kama mbuzi wa mnada, halafu niliacha kwa hiari yangu!

Wakili akasema, "Kama baba mzazi amekiri, sisi tusuluhishe nini?" Ningesema nini? Kwamba baba yangu ni mwongo? Au kwamba ni mzee anayetia sahihi asichokisoma? Gidioni alikuwa ananitazama anatabasamu.

Usuluhishi umeshindikana. Sasa tunakwenda kwenye uamuzi, mashahidi watasikilizwa tarehe 17 Juni. Mimi sitaki kingine. Nataka kazi yangu, na nataka jina langu litoke kwenye wizi. Wanafunzi wakiniona sokoni wananong'onezana. Jana muuza dagaa aliona nimesogea akavuta kapu lake karibu.

Usije. Usiandike pia. Umenisaidia vya kutosha.

Deodata


Kirushya
22 Aprili 2025

Mwanangu,

Umesema nisiandike, lakini naandika. Pasaka imepita bila wewe, na mama yako alipika akaacha sahani yako mezani, hakuna aliyeigusa. Natumaini hujaugua.

Nilivaa miwani. Nikaisoma mara tatu. Halafu sikumwambia mtu, nikapanda basi kwenda Biharamulo.

Nilimkuta Mwalimu Gidioni ofisini. Nikamwambia, "Nimekuja kuchukua karatasi yangu, ina maneno ambayo sikuyasema." Akaegemea kiti chake. Akasema, "Mzee, pombe yako ilikuwa nzuri sana. Leta nyingine tuzungumze." Akacheka, na karani wake naye akacheka.

Ndipo nikaliona gunia. Limesimama pembeni ya meza yake, bado limefungwa. Fundo ni langu, Deodata. Mizunguko mitatu, mafundo mawili, mkia wa kamba umerudishwa ndani, kama alivyonifundisha babu yako. Na lilikuwepo pale pale siku ile ya kwanza! Nilipiga goti mbele ya gunia langu mwenyewe, nikaangalia sakafu, sikuinua macho. Ningeyainua tu.

Tangu ujana wangu sijawahi kutaka kumpiga mtu namna ile. Nilitoka bila kuaga.

Jumapili baada ya misa niliwaita wazee wenzangu wa usuluhishi. Niliwaambia nimetia sahihi uongo juu ya mtoto wangu kwa sababu nilimwamini mgeni wa simu kuliko yeye. Mzee Ansbert akasema ni aibu ya familia, nisiitoe nje. Nikamwambia imeshatoka, iko Bukoba ndani ya faili. Niliwaambia pia kwamba kuanzia sasa sisuluhishi shauri la mtu yeyote mpaka niwe nimemsikia aliyetuhumiwa. Ni wangapi, mwanangu, niliwapigisha goti bila kuwauliza? Usingizi sipati.

Tarehe 17 Juni nitakuwa Bukoba. Unaweza kukataa kunitazama, lakini huwezi kunikataza kupanda basi.

Baba yako


Biharamulo
20 Juni 2025

Baba, shikamoo.

Natumaini ulifika salama. Uliondoka bila hata kunywa chai, kwa kukimbilia basi. Mimi nilikuwa bado ndani, sikujua kama nikufuate au nibaki.

Sasa nikwambie ulichokikosa. Ulipomaliza kula kiapo, wakili alikuuliza, "Mzee, ulidanganya Februari au unadanganya leo?" Nikafumba macho. Ukajibu, "Februari. Nilikiri jambo nisilolijua, na huo ni uongo. Andika hivyo." Mimi sikuwahi kukusikia ukisema umekosea, tangu nizaliwe. Baadaye mwamuzi akakuuliza gunia lenu likoje, ukalieleza fundo, ukaeleza na maharage: mama huyapanda yakiwa yamechanganyika, mekundu, meusi, meupe, ya njano na yale ya mabaka. Ukaambiwa utoke.

Ulipotoka, mwamuzi akaagiza gunia lisogezwe. Gidioni mwenyewe ndiye aliyelileta, amelibeba toka shuleni kama ushahidi wake! Kamba ikatazamwa, mizunguko mitatu, mafundo mawili, mkia ndani. Likafunguliwa. Baba, rangi tano. Shule ile inaletewa maharage ya njano matupu, na risiti zao wenyewe zilikuwa mezani zimeandika hivyo. Kwa Gidioni maharage ni maharage, hajawahi kupanda hata tuta moja. Wakili wake alimgeukia, uso umemshuka.

Halafu mwamuzi akaniuliza mimi, "Deodata, uliiba?" Nikasema hapana. Nililia, na nilijichukia kwa kulia mbele ya yule mtu.

Uamuzi bado. Na hasira yangu kwako bado, usidhani imeisha. Mama msalimie.

Mwanao,
Deodata


Kirushya
12 Julai 2025

Mwanangu Deodata,

Sote wazima. Kiangazi kimeanza, vumbi tupu.

Jana lilisimama gari mlangoni. Mwalimu Gidioni. Amefika Kirushya yeye mwenyewe, na kreti la bia na kreti la soda! Akasema, "Mzee, tuyamalize kimila. Mwambie binti afute shauri, nitamwandikia barua nzuri ya kazi apeleke kwingine." Akataka hata kupiga goti.

Nikamwambia, "Inuka. Uliyemkosea si mimi. Nenda kwake, mwulize yeye." Akasema wewe ni mkali. Nikamwambia naam, ni mkali.

Aliondoka akaacha makreti yake uani. Yako pale pale juani. Ansbert amepita mara mbili anayaangalia, nimemwambia akigusa chupa moja hatutazungumza tena. Mimi sijamjibu kitu kwa niaba yako. Akija, jibu ni lako.

Baba yako


Biharamulo
30 Agosti 2025

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Hamjambo? Mimi nina afya njema, na leo nimekula nikashiba.

Alikuja. Alinikuta kwa Francisca, na akapiga goti kweli. Nikamwuliza, "Utasema mstarini kwamba mimi si mwizi, palepale uliponiitia mwizi?" Akasema hilo ni gumu, yeye ana heshima yake. Nikamwonyesha mlango. Yale makreti mrudishieni na basi la Ndassa, yote, asipungukiwe hata kizibo.

Juzi Alhamisi uamuzi umesomwa. Hakuna wizi uliothibitishwa, sikuitwa kujitetea, sikuacha kazi kwa hiari. Nirudishwe kazini. Jumatatu asubuhi naingia. Mstarini hatasema kitu, najua, na Tume haiwezi kumfungua mdomo. Nimemwambia Francisca nitapita katikati ya mstari wao wakiwa wamesimama, na uamuzi nitaubandika mlangoni mwa jikoni, asome anayejua kusoma. Barua ya mikataba nayo tunaiandika upya. Safari hii wapishi wote tutaipeleka pamoja.

Gunia nimerudishiwa. Miezi sita limekaa kwenye ofisi za watu, na maharage yametobolewa yote na wadudu. Nimeyashika yakawa unga mkononi. Nilikasirika upya kuliko siku ile ya mstari. Jasho la mama, baba! Kwa ajili ya mtu aliyeshindwa kufungua kamba akaangalia ndani!

Mama anitumie mengine akivuna. Na funga wewe mwenyewe, fundo lilelile.

Mwanao,
Deodata