Dada, Usikubali Baba Apasuliwe

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa dada,

Pokea salamu, kisha ukae vizuri, maana unaandikiwa na bingwa wa migongo. Usicheke. Shule ilinishinda, sawa, lakini siku hizi nikiingia kliniki wauguzi wananipisha mlangoni kama mimi ndiye mganga mkuu.

U hali gani? Kikohozi kimekwisha? Shemeji hajambo? Na mpwa wangu bado anafanana na mimi? Kama ndiyo, mshukuru Mungu, umepata mtoto mzuri. Sisi wengine wazima, isipokuwa baba na mgongo wake. Naandika kwa sababu kwenye simu yeye huwa amekaa pembeni yangu.

Unajua kazi ya vigae inavyomtaka mtu ainame kutwa kama aliyedondosha sindano. Sasa baba akitaka kuinuka hushika ukuta, anasimama nusu, anavuta pumzi, ndipo anamalizia nusu iliyobaki. Kazini anakalia ndoo na kuwafokea mafundi wake kutoka hapo.

Daktari alisema kisu kiwe cha mwisho. Kwanza mazoezi, kukanda kwa maji moto, dawa za maumivu kwa kiasi, na asiguse mfuko wa saruji. Vikigoma, sindano ya mgongoni. Mama mdogo naye akaleta mafuta yake ya kuchua, yananuka mpaka paka akahama. Baba aliyapaka, akasema maumivu yako palepale, ila sasa yananuka.

Yule dada wa mazoezi ya viungo pale kliniki ni mpole wa sauti tu. Alimlaza baba chali, "Mzee, inua kiuno." Baba akamjibu, "Mwanangu, kiuno hiki kingeinuka ningekuja kwako?" Lakini akainua. Nyumbani msimamizi nikawa mimi. Natandika mkeka, napiga makofi, "Haya mzee, goti kifuani!" Ananitukana mpaka tunamaliza. Na yalikuwa yanasaidia, dada! Alianza kufunga viatu mwenyewe. Asubuhi moja nilimsikia anapiga mluzi bafuni.

Halafu wiki iliyopita mguu wa kushoto ukaingia ganzi. Kandambili inamvuka naye hana habari, anaendelea kutembea. Daktari akasema basi, mazoezi yameshindwa, na kwa ganzi hii sindano haitatosha, tufikirie upasuaji. Nawe ukasema kwenye simu kwamba kama yameshindwa, apasuliwe tu.

Baba anaogopa. Hasemi, lakini jana aliniita akanionyesha vifaa vyake vyote vilipo, eti nikivihitaji. Baba yuleyule ambaye hajawahi kuniazima hata mwiko.

Nisalimie shemeji, na mpwa wangu mbane mashavu kwa niaba yangu. Mama mdogo anakusalimu, na chupa ya mafuta anakuwekea. Mungu awalinde, awape na usingizi, maana wangu umepotea.

Dada, usikubali bado. Mazoezi hayakushindwa.

Unakumbuka tukiwa wadogo, baba alikuwa akitoka kazini analala kifudifudi, nasi tunapokezana kumkanyaga mgongo mpaka anasinzia? Basi Jumanne hiyo ya wiki iliyopita alirudi amechoka, akaniomba nimkande kidogo kwa mikono. Bingwa nikasema mikono ya nini, nikampanda kama zamani. Sikukumbuka kwamba siku hizi nabeba milango peke yangu, na vitanda vinalia nikikaa. Baba alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Jioni ileile ganzi ikaanza.

Kwa daktari alisema imekuja yenyewe. Nilipotaka kufungua mdomo akanikata jicho. Ananifichia kosa langu, na kwa kunifichia atapasuliwa.

Kesho asubuhi naenda kwa daktari peke yangu kumweleza. Baba atakasirika sana. Mpigie wewe umtulize, mimi hatanisikiliza. Aliyemuumiza si mazoezi, dada. Ni mimi.

Mdogo wako, anayekupenda hata ukimkasirikia,
Kitinda mimba