Kiwiko cha Kaka Kunimitsu

Kamiura, 9 Septemba 1991

Mdogo wangu Yasuo,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi yangu Harue na kwa watoto. Natumaini wote mko wazima huko Bastos, Brazili, na kuku wanataga. Mimi mzima, ila goti linaniuma nikipanda matuta ya juu, na machenza bado ya kijani. Siku ya arobaini na tisa tangu kaka yetu afariki tuliimaliza salama. Ubani uliotuma ulifika, nikauchoma mbele ya picha yake.

Sasa nikwambie jambo lililonipandisha mori. Mji unataka kumjengea kaka sanamu. Itasimama mbele ya stesheni, ya shaba, mguu juu na mkono nyuma, kama alivyokuwa akirusha mpira Koshien, kwenye mashindano ya besiboli ya shule za nchi nzima, ule mwaka wa 1961. Unajua mwenyekiti wa kamati ni nani? Mwalimu Hamaguchi, yuleyule aliyekuwa akiifundisha timu yao. Ana miaka themanini na tatu na bado anaendesha watu kwa filimbi.

Sanamu sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni maneno ya kwenye jiwe. Mwalimu ameyatunga mwenyewe: “Ochi Kunimitsu, mrushaji. Siku nne mfululizo alisimama peke yake. Hakuomba kupumzika hata mara moja.” Alinisomea sebuleni kwangu huku anafuta machozi, akala na biskuti zangu.

Nilimwambia sitaki maneno hayo. Akacheka akasema, “Tokie, mwanangu, hili tutamuuliza mwenye nyumba.” Mwenye nyumba, yaani mkuu wa ukoo, ni wewe sasa, maana Kunimitsu hakuacha mtoto. Bila muhuri wa jina lako hawachongi kitu. Nakuomba uniandikie neno moja tu, hapana, nami nitawapelekea.

Jifunike vizuri usiku, najua kwenu bado kuna baridi.

Dada yako,
Tokie


Bastos, 1 Oktoba 1991

Dada Tokie mpendwa,

Shikamoo dada. Sisi hatujambo. Harue anakusalimu, anasema upake goti mafuta ya kafuri. Kuku elfu mbili wametaga vizuri mwezi huu, na mtoto wetu wa pili ameanza chuo.

Barua yako niliisoma kwa sauti pale klabuni kwetu Wajapani, ile sehemu ya sanamu tu. Dada, wazee walisimama! Mzee Kishimoto alilia waziwazi. Huku kila mtu ananijua kama mdogo wake Kunimitsu. Nilipofika bila kitu, kijana wa miaka ishirini na koti moja, jina lake ndilo lililonipa kazi ya kwanza. Watoto ninaowafundisha besiboli Jumapili wanakijua kisa chake kuliko wanavyojua Kijapani. Wanapenda hasa pale timu iliposhindwa, wenzake wote wakapiga magoti kuzoa udongo wa uwanja kwenye mifuko ya viatu uwe kumbukumbu, kama wafanyavyo wanaoshindwa, na yeye peke yake akabaki wima, hakuokota hata punje, kwa kuwa aliapa atarudi kushinda. Nikifika hapo hata mimi roho hunisisimka. Nina mrushaji mmoja, Nelson, mtoto wa Kishimoto mdogo. Namwachia mechi zote, kama kaka.

Sasa wewe unataka niwaambie watu hapana? Kwa kosa gani? Maneno ni mazuri. Kama mkono usingeharibiwa na ile ajali ya ngazi ghalani, leo angekuwa na sanamu tano. Hasira zako ni za msiba, dada, nazielewa. Umemuuguza peke yako na mimi sikuwepo.

Muhuri wangu uko kwenye droo ya kabati la baba. Piga.

Mdogo wako,
Yasuo


Kamiura, 24 Oktoba 1991

Yasuo,

Salamu kwa Harue na watoto. Mafuta ya kafuri nimepaka, ahsante yake.

Wewe sina salamu zako leo.

Hakukuwa na ngazi. Sikia vizuri, maana sitarudia. Kunimitsu hakuanguka ghalani. Kisa cha ngazi alikitunga mama ulipokuwa mtoto, kwa kuwa mji mzima ulikuwa umemweka Mwalimu juu mabegani, na sisi tulikuwa tunauza machenza kwa mji huohuo. Kaka naye akanikataza nisiseme. Mpaka anakufa alikuwa akimwinamia Mwalimu barabarani, na mimi nyuma yake nasaga meno.

Mimi nilikuwepo. Wewe uliachwa nyumbani na bibi, mimi na mama tulipanda basi la washangiliaji. Jioni ya siku ya tatu mama alinituma nipeleke wali kwenye nyumba ya wageni walikolala wachezaji. Nimesimama kwenye ujia na sinia, nikamsikia kaka chumbani kwa Mwalimu.

“Mwalimu, mkono umekufa. Kesho arushe Moriyama.”

“Umekufa wapi? Uko hapo begani.”

“Siwezi kushika hata vijiti vya kulia. Nakuomba.”

“Huo mkono si wako, Kunimitsu. Ni wa Kamiura nzima. Nenda kalale.”

Akatoka, akaniona. Nikamlisha wali kule kwenye ujia kama mtoto mchanga, naye akawa anatazama mlango kila saa, wenzake wasimwone. Kesho yake akarusha mpira mpaka mwisho.

Na huo udongo wako unaowahadithia watoto! Hakuapa chochote. Vidole havikufumba. Angeuzoaje? Alisimama wima kwa aibu, na magazeti yakaandika kiapo.

Ulikuwa unakula jina lake huko, Yasuo, na mimi nilikuwa naosha nywele zake hapa. Mkono haukufika kichwani tena maisha yake yote. Nimezaa, nimefiwa na mume, nimerudi nyumbani, na bado kila Jumamosi nilikuwa namwosha nywele mwanamume mzima, tena mlevi, anayenitukana ili nisimwone analia.

Siku ya kumchoma hukuwepo. Nilishika vijiti mimi na binamu Shizu, tukaanza kuokota mifupa toka miguuni. Unajua kwetu hatutii yote kwenye chungu cha kuhifadhia, tunachagua michache, na mfupa wa koo tunauweka juu. Nikakiona kiwiko cha kulia. Kilikuwa kimeota vinundu kama tangawizi. Mhudumu wa tanuri akaniambia, “Mama, huo hatuuchukui, chungu kitajaa.” Nikamwambia, “Basi punguza mwingine.” Kiwiko kiko hapa nyumbani, ndani ya chungu, mbele ya picha yake.

Muhuri wako nimeuona kwenye droo. Sipigi.

Dada yako,
Tokie


Bastos, 15 Novemba 1991

Dada,

Natumaini mzima. Sisi wazima.

Miaka yote hii unaniandikia habari za machenza na goti, leo ndiyo unaniambia? Kaka amekufa, mama amekufa, nitamuuliza nani? Unanitupia mfupa kama mtu anayemtupia mbwa, halafu unaniambia nilikuwa nakula jina. Nilikula, ndiyo! Nilikuwa na njaa!

Sikuamini. Mtu akiwa na miaka kumi na tano akisimama kwenye ujia anasikia mengi. Nimemwandikia Mwalimu Hamaguchi mwenyewe, nimemwambia nimekubali, na nikifika kwenu siku moja nitapiga huo muhuri kwa mkono wangu kama wewe wako umekufa ganzi.

Usiniandikie mpaka hasira zikutoke.

Yasuo


Kamiura, 2 Machi 1992

Mdogo wangu Yasuo,

Salamu kwenu nyote. Mwaka mpya umepita bila barua yako wala yangu, na keki za mchele nilizitwanga na Shizu tukala wawili. Hasira hazijanitoka. Naandika hivyohivyo.

Barua yako kwa Mwalimu ilifika. Aliizungusha mji mzima, mpaka muuza samaki ameisoma. Jumamosi iliyopita kamati ikakaa kwenye ukumbi wa mtaa, nikaitwa nije na muhuri. Nilikwenda. Kulikuwa na chai na vile vikeki vya maharage, Mwalimu amekaa kichwani pa meza, na fundi wa shaba ameleta picha ya sanamu. Shaba imeshamwagwa, Yasuo. Kaka ana mkono mzuri wa shaba, umenyooka kama mpini wa jembe.

“Muhuri umekuja, Tokie?” Mwalimu akaniuliza.

“Umekuja.”

Nikafungua kitambaa cheupe, nikakiweka kiwiko mezani katikati ya vikeki.

Ungeona viti vilivyorudi nyuma! Yule kijana wa ofisi ya mji akasema, “Jamani, Mama Tokie, kuna chakula hapa!” Nikamwambia ale, nani amemzuia. Nikawaambia huyu ndiye Kunimitsu wenu, kila mmoja amtazame, halafu anisomee maneno ya jiwe kwa sauti.

Mwalimu akavaa miwani. Akainama, akautazama mfupa ule mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akasema, taratibu, kama mtu aliye peke yake chumbani:

“Kumbe ulikuwa umefika hapa. Mimi aliniambia unamuuma tu.”

Aliniambia. Yasuo, umeisikia? Watu kumi na mmoja waliisikia. Moriyama, aliyepaswa kurusha siku ile, ambaye sasa ana kitambi na duka la matairi, akaweka kikombe chini akasema, “Alikuambia, Mwalimu?” Hapo ndipo mzee alipojishika mdomo.

“Zamani zile wote walikuwa wanaumwa,” akasema. “Ningemsikiliza kila mmoja, tungefika wapi?”

“Tusingefika,” nikamjibu, “na kaka angejiosha nywele mwenyewe.”

Alilia. Sikumwonea huruma, na nisingependa uniambie nimwonee. Nilikifunga kiwiko, nikakirudisha kwenye chungu, nikaomba radhi kwa kaka kwa kumtoa nje kwenye baridi.

Maneno ya Mwalimu yamefutwa. Sanamu itasimama tu, maana shaba ikishamwagwa hairudi nyuma, itazinduliwa mwisho wa Aprili. Jiwe la chini liko tupu. Wanasema familia ndiyo iandike, kwa muhuri wa mwenye nyumba. Moriyama akasema liachwe hivyohivyo bila neno, ni heshima. Heshima gani? Jiwe tupu wataliandika kwa midomo yao, na baada ya miaka kumi kaka ataapa tena kurudi Koshien.

Ukitaka kuandika shujaa, andika. Mimi sitagusa muhuri. Ukitaka kunyamaza, nitajua pia.

Dada yako,
Tokie


Bastos, 29 Machi 1992

Dada yangu Tokie,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na hukupanda matuta kwenye mvua. Harue na watoto wanakuamkia. Barua yako ilipofika nilikaa nayo kwenye banda la kuku mpaka Harue akaja kuniuliza kama kuna mtu mwingine amekufa.

Nilimwandikia yule mzee barua ya pili. Harue aliisoma akaichana, akasema mtu wa miaka themanini na tatu haandikiwi hivyo. Nikaandika nyingine mbaya zaidi, nikaituma mwenyewe.

Jumapili tulicheza na wale wa Tupã, mji wa jirani. Nelson alirusha vizuri, tunaongoza, halafu nikamwona anakung’uta vidole nyuma ya paja ili nisione. Nikaingia uwanjani. “Mkono unauma?” Akasema, “Hapana, mwalimu.” Nikamwambia atoke. Tukafungwa vibaya mno. Baba yake akaruka uzio akanishika shati mbele ya klabu nzima: “Wewe si ndugu yake Kunimitsu wewe!”

Nikamwambia, “Ndiye mimi hasa. Ndiyo maana anatoka.”

Nikaenda kumwekea Nelson barafu mkononi.

Maneno ya jiwe ni haya, yachongwe kama yalivyo, wasiongeze wala wasipunguze:

OCHI KUNIMITSU, MRUSHAJI.
ALIOMBA KUPUMZIKA.

Muhuri uko kwenye droo ya kabati la baba. Piga.

Mdogo wako,
Yasuo