Malkia wa Siku Tisa na Fomu ya Baba

Manundu, Korogwe
11 Januari 2026

Mpendwa Shangazi Swaumu,

Shikamoo. Leo nakueleza yote bila kuficha, ndiyo maana natumia karatasi. Simu ya nyumbani ni ya baba, na jambo lenyewe ni langu na lake: nataka kusoma historia, naye anataka sayansi niwe daktari.

Mgongo unaendeleaje na baridi ya Leicester? Mdogo wangu Afisa ameshazoea shule? Sisi ni wazima. Mahindi ya vuli yamekubali huko Handeni, na Bibi Hajira bado anatushinda wote kwa jembe.

Picha zako za magofu ya nyumba alikokulia Jane Grey, yule malkia wa Uingereza wa zamani, nilizionyesha kwenye klabu ya historia. Wenzangu walishangaa kwamba msichana aliyetawala siku tisa tu bado anatembelewa na watu na watoto wao, na wataalamu bado wanabishana sura yake ilikuwaje. Mimi sikushangaa. Alipenda vitabu, wakubwa wakampa taji asilolitaka.

Likizo nilimsimulia Bibi tukipukuchua mahindi. Nilianza kwa kusema huko kwenu kuna binti wa miaka kumi na sita au saba aliyekatwa kichwa, na watu wanamwendea mpaka leo. Bibi hakungoja mwisho, akatoka kuwatangazia majirani msiba. Alasiri Mama Ukasha, jirani yetu, alikuwa uani na sahani ya unga, amekuja kutupa pole.

Baba akasema, "Mama, huyo amekufa karibu miaka mia tano."

"Na hao wanaomwendea kila siku?" Bibi akajibu. "Basi matanga yake hayajaanuliwa. Mama Ukasha, unga uweke jikoni."

Baba alicheka mpaka akaketi. Kisha akaniuliza ni nani waliomlazimisha yule binti. Nikamwambia, baba yake na wakwe zake.

Jioni aliichukua fomu yangu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, akaiweka juu ya kabati bila kusaini. Akasema, "Mtoto wa kike ana shangazi yake. Tumsikie kwanza." Inatakiwa shuleni mwisho wa Machi. Tangu siku hiyo nalala vizuri.

Kaka Isihaka anakusalimu, na Bibi anasema ule ushibe. Mwenyezi Mungu akuzidishie afya, akulinde kazini na njiani.

Tafadhali nijibu mara upatapo barua hii: utamwambia nini baba?

Mwanao anayekupenda na kukungoja,
Ikram