Majibu Yasiyohamishwa

Awindiri, Arua
14 Juni 2025

Kwa kaka yangu Abdunoor,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute na afya huko Bombo, wewe na wifi Fatumah na watoto, na kile kikohozi cha mdogo kiwe kimekwisha. Mimi ni mzima. Mama pia ni mzima. Idd tulikula naye Koboko, akalalamika kwamba mbuzi wa siku hizi ni mifupa mitupu, kisha akala kutushinda sote.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Lakini wewe ukipokea simu unaweka sauti ya nje na nyumba nzima inasikia, na haya nataka uyasome peke yako. Kamisi wa lori ameapa kukutia barua hii mkononi wewe mwenyewe.

Nianze na kazi, maana hasira yangu ilianzia huko. Unajua shirika letu lina tovuti tatu: ya Arua, ya Koboko, na ya mafunzo ya ushonaji. Mwaka huu mkurugenzi wetu, Bi Lillian, aliamua zote zihamishiwe kwenye mfumo mmoja mpya. Alileta fundi kutoka Kampala, nami nikapewa kazi ya kupitia kurasa za zamani na kuandika upi uhamishwe na upi uachwe. Kazi hiyo inanifaa. Wewe mwenyewe ulikuwa unanicheka kwamba hata mvua ikinyesha naiandikia tarehe.

Tovuti ya Koboko ndiyo yenye ukurasa wa Tunawatafuta, ambapo watu huweka picha na majina ya jamaa zao waliopotea katika vita vya ng'ambo ya mpaka. Hapo ndipo tulipomweka kaka yetu Faruk mwaka 2018, miaka miwili baada ya yeye kwenda Yei, Sudan Kusini, na mzigo wa sabuni asirudi. Ile picha ya kofia nyeupe uliyoichagua wewe bado ipo.

Tarehe 12 Mei, mkutanoni, Bi Lillian alitangaza kwamba ukurasa huo hautahamishwa. Alisema unaifanya tovuti ifanane na makaburi, na wafadhili wanataka kuona nyuso zinazocheka. Fundi akaongeza kwamba takwimu zake zinaonyesha hakuna anayeufungua. Nilisimama nikasema kuna familia zinaungoja ukurasa huo kuliko chakula. Bi Lillian akacheka, akaniuliza tangu lini nimekuwa wakili wa marehemu. Marehemu! Kaka, nilikaa chini nikaiandika kauli hiyo, na tarehe yake.

Nilikataa kuandika kwamba uachwe. Nilisema nitasoma kwanza tangazo moja moja, na ndipo nikaingia sehemu ya nyuma ya tovuti ya zamani, ambayo wasomaji hawaioni, yanakokaa majibu yanayosubiri ruhusa.

Hapo nikueleze kidogo. Zamani mtu akijibu tangazo, jibu lilionekana papo hapo. Kisha matapeli wa Oraba, pale mpakani, wakaanza kuandika: nimemwona mwanao, tuma pesa ya dawa nimlete. Ofisi ya Koboko ikaweka sheria kwamba kila jibu lisomwe na mfanyakazi, apige simu, ahakikishe, ndipo lionekane. Sheria nzuri kabisa. Aliyeifanya kazi hiyo ni Kiden. Mkataba wake uliisha Desemba 2019, na nafasi yake hakupewa mtu. Sheria ikabaki bila msomaji. Watu waliendelea kuandika, na kila aliyeandika alijibiwa na mashine kwamba ujumbe wake umepokelewa, asante. Umepokelewa na nani?

Nilimtafuta Kiden, siku hizi anauza vitenge soko la Koboko. Alicheka bila furaha, akaniuliza, "Wewe, hiyo maneno iko mpya kwako?" Alisema kabla ya kuondoka alimkumbusha Bi Lillian mara tatu, na kila mara aliambiwa litashughulikiwa tutakapohamia mfumo mpya. Sasa mfumo mpya umekuja, na fundi anataka kuyafuta majibu yote kwa pamoja, kwa kuwa mengi ni matangazo ya viatu na dawa za nguvu za kiume. Ni kweli, mengi ni hayo. Lakini katikati ya viatu kuna watu. Kuna mama aliyeandika kwamba mtoto wa kwenye picha analelewa kwake, anasoma darasa la nne, hapendi maharage. Mtoto huyo sasa ni kijana, na wazazi wake bado hawajui.

Kaka, kama umesimama, kaa.

Chini ya picha ya Faruk kuna jibu la tarehe 9 Februari 2020. Liliandikwa na Agnes Keji, mwanamke mfanyabiashara wa Aba, upande wa Kongo. Anasema mtu huyu yuko hapo. Alipigwa risasi, akakatwa mguu, sasa anashona viatu sokoni. Ametaja jina la Mama, la marehemu Baba, na la kila mmoja wetu, na anamsalimu mke wake Fatumah. Agnes Keji aliacha na namba ya simu.

Unakumbuka mwenyewe. Yule dereva aliyerudi kutoka Yei aliapa kwamba aliona lori la Faruk limeungua, tukamsomea khitma Machi 2021. Fatumah akakaa eda. Ilipokwisha, wazee wakakuita, wakakwambia mke wa ndugu yako asitoke nje ya ukoo na watoto wake, nawe ukakubali kumwoa ukiwa na macho mekundu. Siku tuliposoma khitma ile, jibu lilikuwa limekaa pale mwaka na zaidi.

Nilipiga namba ile Jumatano. Agnes Keji alipojua mimi ni dada wa Faruk alinifokea hata kabla ya salamu. "Nyinyi iko watu gani? Munatafuta mutu, munajibiwa, munanyamaza!" Alisema Faruk alikuwa akija kwake kila siku ya soko kuuliza kama simu imelia. Baadaye akaacha kuuliza. Faruk alimwambia Agnes kwamba sisi tumesikia habari ya mguu, hatumtaki tena. Kaka, sijawahi kutukanwa tusi likaniuma kama hilo.

Juzi Agnes alimpelekea Faruk simu. Sauti ni yake. Aliniita Karani, kama zamani, akaniuliza kama nimepata mume au bado nawasahihishia wachumba hesabu mpaka wanakimbia. Tukacheka, tukalia. Akauliza kama Fatumah bado anagombana na majirani kwenye pampu ya maji. Nikasema bado. Akauliza yuko wapi. Nikasema yuko Bombo, yuko salama. Sikusema kwa nani.

Mama nilimwambia jana. Alimshukuru Mungu, akalia, kisha akataja jina lako.

Bi Lillian nilimwonyesha majibu yale. Alisema pole sana, ni udhaifu wa mfumo wa zamani. Mfumo! Kwani ni mfumo uliomwachisha Kiden kazi? Tovuti ya zamani itazimwa Ijumaa. Nimekataa kutia saini orodha ya kurasa za kuachwa, na ninawapigia simu walioandika na waliotafuta, mmoja baada ya mwingine. Ameniandikia onyo. Aandike na la pili.

Sasa lililo gumu. Wiki ijayo kuna gari la biashara litakalotoka Aba kuja Koboko, na Faruk anataka kulipanda. Nilimwambia asubiri. Mimi, niliyewapigia kelele ofisi nzima kwa kumngojesha mtu, nilimwambia asubiri mpaka nimpigie, na sababu sikumpa. Neno hilo siwezi kulitoa mimi. Ni lako na la Fatumah. Zungumzeni, mwoneni sheikh, kisha uniambie nimjibu nini, au mpigie wewe mwenyewe. Namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Lolote mtakaloamua sitakulaumu. Ila usinyamaze, kaka. Ukinyamaza atadhani anajua sababu, na atarudi kushona viatu.

Wabusu watoto wote, wa Faruk na wako. Fatumah msalimie utakavyoona inafaa. Mama anawaombea.

Ni mimi dada yako,
Shakirah