Jina la Akiba

Jumatatu, 4 Novemba

Siku ya kumi na tisa kwenye chumba hiki. Meza moja, viti viwili — cha pili nimeweka begi langu, na asubuhi nalisalimia. Mtu mzima mie!

Mashine ya kutunzia watoto njiti bado inanitoa jasho. Kihisi cha joto kinatakiwa kusoma hadi nukta: thelathini na sita nukta nne. Kinasoma thelathini na sita. Basi. Muuguzi wa wodi kanionya: kwa kichanga, nusu nyuzi si mchezo. Na dereva — ile programu ndogo ya kuongea na kihisi — nimeiandika mwenyewe mstari kwa mstari. Mfumo hauiiti hata mara moja!

Binti yangu kapiga simu. Jumamosi ni siku ya wazazi shuleni, atasoma shairi alilotunga mwenyewe. Nikasema nakuja. Akaniambia: Kama huji, baba, bora useme sasa hivi. Miaka tisa tu huyo! Nikaapa.

Jumanne, 5 Novemba

Patupu. Nimekula mkate nimesimama. Leo hakuna aliyenisemesha ila muuza vocha.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeanza upya, kama mtu anayepapasa mfuko ule ule akitafuta funguo.

Mashine ikiwashwa, programu iliyomo kwenye bodi yake ya umeme inaikabidhi kerneli, yaani moyo wa mfumo, orodha: kuna kifaa hiki, kipo hapa, jina lake hili. Kerneli haina macho. Inayajua yale iliyoambiwa tu. Inachukua jina, inawapitia madereva: nani anamjua huyu? Wa kwanza kuitika anapewa kifaa. Wengine hawaulizwi tena. Na dereva yangu hupakiwa baadaye, mwishoni kabisa...

Ina maana kihisi changu kina mwenyewe tayari! Nani?

Mkuu wangu wa kazi kapiga simu. Wodi inasubiri, mwisho Ijumaa. Hakuniuliza hali.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimemkamata! Ni dereva ya zamani ya vipimajoto vya kila aina, imo ndani ya kerneli tangu mashine inapoamka. Jina halisi la kihisi changu hailijui. Inajua jina la akiba, lile la jumla, lililoandikwa chini ya jina halisi kwenye orodha.

Na nani aliliandika? Mimi! Mwezi uliopita, nikajiona mwerevu: dereva yangu ikikosekana, angalau kifaa kisikose wa kukishika. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimecheka peke yangu hadi nikaona haya.

Wala ile dereva ya zamani haina kosa. Imepewa kazi, inaifanya, kwa nyuzi nzima nzima. Ndiyo maana hakuna kilicholalamika siku zote hizi.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimefuta jina la akiba. Nikawasha upya. Thelathini na sita nukta nne!! Nikapiga kelele — na hapana wa kumwambia. Hapo ndipo upweke ulinikaba hasa.

Nikampigia binti yangu. Akapokea Bwana Pasi, mume mpya wa mama yake. Namwita hivyo kwa mashati yake, hayajui kunjo. Mtoto anaoga, kasema, nitampa salamu zako, na karibu sana kesho. Ni mtu mwema. Ndilo linaloniudhi.

Muuguzi kataka aione mashine ikikaa kwa muda wa saa nane bila kuyumba. Haki yake. Basi la jioni limeniacha.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika kwenye benchi la mlinzi, nje ya geti la shule. Nimechelewa dakika arobaini.

Ukumbi ni mdogo, kasema mlinzi. Kila mtoto, mtu mmoja, beji moja. Na mtu wa huyu mtoto ameshaingia. Nikamwambia mimi ndiye baba. Akanigeuzia fomu nione. Mzazi: mimi. Chini yake, mzazi asipokuwepo: Bwana Pasi.

Mwandiko wangu. Niliijaza siku niliyosafiri, kwa kalamu ya kuazima. Niliogopa mwanangu asije akabaki getini bila wa kumchukua.

Mlinzi si mkorofi. Anaweza kuingia, akamwambia Bwana Pasi atoke anipe beji. Nikisema tu.

Nawaona dirishani. Shati limenyooka, mstari wa mbele. Amemshikia binti yangu sweta. Nina wivu, Mungu anisamehe. Mtoto wa tano anasoma. Wangu ni wa saba, kasema mlinzi. Anatazama mstari wa mbele, anatabasamu. Anatazama mlangoni. Mbele tena.

Wa sita kamaliza. Makofi.

Vipi, mzee, anauliza mlinzi, nimtoe?

Binti yangu anapanda jukwaani. Anatazama mlangoni.