Presha Isiyopimwa Mkononi

4 Machi

Kwa binti yangu mpendwa,

Natumaini waraka huu utakukuta u buheri wa afya, pamoja na mumeo na mjukuu wangu ambaye bado sijamtia machoni. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Uniwie radhi kwa kuchelewa kuandika.

Juzi nilikwenda hospitali kwa ajili ya makovu ya mapafu, ile zawadi ya vumbi la mawe niliyoyachonga miaka yote. Muuguzi alinipima presha mkononi, akasema, "Babu, presha yako ni ya kijana anayetafuta mchumba!" Nikamwomba radhi kwamba nimeshachelewa. Basi ondoa wasiwasi. Jumamosi ya kwanza ya Aprili nitapanda basi nije huko milimani kwenu, nimpakate mtoto.

Unisamehe mwandiko, mkono huchoka upesi siku hizi.

Akupendaye daima,
Baba yako

14 Machi

Baba, shikamoo.

Sisi hatujambo. Mjukuu wako anapiga kelele kuishinda mashine ya kukandia unga hapa kazini. Tumekuandalia chumba cha chini, usihangaike na ngazi.

Ila fundi cherehani, jirani yako, amenipigia simu. Anasema miguu yako imevimba hata viatu haviingii. Anasema ukisikia hodi unavua ule mpira wa oksijeni puani, unauficha chini ya mto, kisha unasimama kumpokea mgeni huku ukihema. Eti alikuuliza, "Mzee, unataka kufa kwa adabu?" nawe ukamjibu, "Karibu kiti."

Baba, usiniandikie tena kwamba u mzima. Niandikie ulivyo.

Mwanao

9 Aprili

Baba, shikamoo.

Simu hupokei, barua hujibu. Jumamosi nilisimama stendi na mtoto mgongoni mpaka abiria wa mwisho akashuka. Hata neno moja, baba.

Mwanao

19 Aprili

Binti yangu,

Umenikataza salamu ambayo walimu wa misheni walinifundisha kuanzia kila barua, na bila hiyo nimekosa pa kuanzia. Nimechana karatasi nyingi. Simu sikuipokea kwa kuwa ungenisikia ninavyohema, kalamu haihemi. Nisamehe kwa kukusimamisha stendi.

Mimi si mzima.

Fundi hakukudanganya. Hata niliporudi hospitali kabla ya siku ya safari, daktari alipoingia niliuvua mpira, nikasimama. Alinidaka nikiyumba.

"Mzee, nani amekwambia uuvue?"

"Uniwie radhi, daktari. Sikuona vyema kukusalimu nikiwa na kamba puani kama fahali."

Alicheka, kisha akanipima moyo kwa mashine ya picha, na hakucheka tena. Alinieleza kwamba presha iliyopanda si ile ya mkononi. Imo ndani ya mapafu: makovu yamebana mishipa, na upande wa kulia wa moyo unasukuma damu kama mtu anayesukuma mlango ulioegemezwa gunia kwa ndani. Umechoka, umetanuka, ndiyo maana miguu inavimba. Makovu hayatafutika. Ipo dawa ya kuvuta kwa mdomo ambayo huenda ikaupunguzia moyo mzigo, lakini kwanza watapitisha mrija kwenye mshipa hadi moyoni, wapime kwa hakika. Tarehe waliyonipa ni sita Mei.

Nilimwuliza habari za safari. Akasema hewa ya milimani ni nyepesi mno kwangu. "Usiende," akasema, wala hakulipamba neno hilo.

Kwa hiyo sitakuja, mwanangu. Tangu mama yako atutoke sijamwomba mtu jambo, nikichelea kusumbua. Leo naomba. Niletee mtoto nimpakate kabla ya siku ya mrija. Uniwie radhi kwa usumbufu.

Hapana, hilo la mwisho nalifuta. Njoo.

Baba yako

29 Aprili

Baba, shikamoo.

Nimeomba likizo, msimamizi alinuna, akatoa. Barua hii nampa dereva wa basi la leo, amkabidhi fundi akuletee. Sisi tunapanda la kesho asubuhi.

Nikibisha hodi, usisimame. Mpira uache puani. Wewe sema tu karibu. Mlango nitausukuma mwenyewe.

Mwanao